Picha Ziko Chini, Pamoja na Mvinyo

Kila Februari tarehe tisa
simu ya Tsiala ilimfanyia sherehe.
Karatasi za rangi zilimwagika kiooni,
kinanda kikalia,
na maandishi: Kumbuka siku hii!
Siku yenyewe: kaka yake Otia, wodi namba nne,
dripu imening'inia. Aliipiga picha ile
ili daktari wa Tbilisi asome jina la dawa.
Mashine iliona uso, ikaona mwanga wa dirisha,
ikapiga hesabu zake, ikaamua: furaha.

Mwaka wa tatu hakulia. Alikasirika,
na hasira ya mwalimu wa kemia aliyestaafu
hupimwa kwa gramu.

Wanaliita wingu, alisema,
mimi nimefundisha mawingu miaka thelathini na moja.
Wingu hurudisha maji. Hili linakunywa tu.

Akamwita Vakhushti, kijana wa jirani,
miaka kumi na sita, chunusi shingoni, haraka midomoni.
Wakanunua kompyuta iliyotupwa na benki,
ndogo kama mkate wa mahindi,
kwa lari themanini na chupa mbili.
Usiku nne wakishusha picha, elfu kumi na tisa,
na mtandao wa Kutaisi ukikatika
kila upepo ulipokohoa.

Wakaiweka chini ya nyumba,
ambako mitungi ya baba imefukiwa hadi shingoni,
midomo yake imezibwa kwa jiwe na udongo.
Baridi ilitosha. Plagi ilikuwa moja.
Kijana akaeleza kusimba:
kila picha husagwa ikawa vumbi la herufi,
na bila nenosiri, mwizi akibeba diski
amebeba tofali.
Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua;
hili kafumbiwa mwerevu.
Tsiala aliutazama mtungi wa tatu. Naelewa, alisema.
Ukiufungua kabla ya wakati, unakunywa siki.

Nenosiri ni maneno saba.
Alimfukuza kijana juu akanywe chai,
akayaandika peke yake, glavu mkono mmoja.

Nakala iko Batumi kwa dada yake Dodo,
kabatini, chini ya mablanketi ya baridi,
ikijijaza yenyewe kila Jumapili.
Dodo ana diski nzima na maneno matatu kati ya saba.
Hawezi kuiona hata picha yake mwenyewe
akiwa bibi harusi, shela limenasa mlangoni.
Amekubali.
Akikunja mablanketi huigusa kwa kiganja,
kama anayepima homa ya mtoto.

Februari hii, tarehe tisa,
simu ilinyamaza.
Saa tano asubuhi ilikuwa bado imenyamaza.
Tsiala aliosha vyombo visivyokuwa vichafu,
kisha akavaa koti, akashuka.
Maneno saba; akakosea mara mbili kwa baridi ya vidole.

Ile ya wodi ipo. Hakuwahi kuifuta.
Hakuifungua.
Alirudi nyuma, nyuma, mpaka vuli moja ya zamani:
Otia amefumba macho, kinywa kimejaa tunda,
juisi inamtiririka kwenye ndevu,
picha imetikisika, haina mwanga,
hakuna mashine ambayo ingeichagua.
Na pembeni, kubwa, jekundu,
robo ya picha imezibwa na kidole.

Feni ndogo ilikuwa ikipumua kando ya mitungi.
Alikaa mpaka miguu ikafa ganzi,
akijaribu kukumbuka
kilikuwa kidole cha nani.