Paa la Rantala

Miaka thelathini na moja nilitengeneza mabasi ya shule
hapa Duluth, na kila jioni nilitundika funguo
kwenye misumari, mmoja mmoja, kwa namba.
Msumari mtupu ulisema: kuna injini mahali inanguruma.
Basi. Hatukuhitaji werevu zaidi ya huo.

Gari la Toivo halikuwa na cha kutundika.
Kidude cheusi, laini kama kokoto ya mtoni,
kilishinda mfukoni. Alinionyesha mwezi wa Oktoba,
akabonyeza kitufe kwa kidole kilichopinda kwa baridi yabisi,
taa zikawaka.
"Sikiliza," akasema. Nikasikiliza. Hamna kitu.
"Ndiyo raha yake," akasema, akicheka,
mzee aliyesahau vifaa vya masikio juu ya friji.

Ufunguo wa zamani ulikuwa mgomvi.
Haukubali kutoka mpaka kazi imekwisha.
Unaugeuza, unauvuta, na kiganja kinakumbuka
hata kama kichwa kimeshatangulia jikoni.

Usiku ule alirudi na mifuko mikono yote miwili,
samaki wa moshi, chumvi ya kumwaga kwenye barafu ya ngazi.
Nilimpungia mkono dirishani.
Mlango wa gereji ukashuka nyuma yake.
Gari lilimwita mara tatu aliposhuka
(ndivyo kitabu chake kisemavyo, ukurasa wa mia mbili na kumi),
mara tatu, kisha likanyamaza
kama mtumishi aliyekwisha kusema na hakusikika.
Injini ikalala, ikaamka, ikalala, ikaamka,
ikiilisha betri yake, usiku kucha.

Husemwa kimya kingi kina mshindo.
Hiki hakikuwa nao. Hakikuwa na harufu wala rangi.
Kilipanda ngazi kwa soksi,
kikapenya chini ya mlango wa chumba cha kulala.
Na Toivo, aliyezoea kukagua komeo la mbele mara mbili,
alikuwa amemfungia mgeni ndani.
Kilichomla kilikuwa nguoni:
suruali juu ya kiti, kidude mfukoni.

Asubuhi, nyuzi ishirini chini ya sifuri,
mtaa mzima ulikuwa na mapaa meupe
isipokuwa gereji yao. Vigae vyeusi vikifuka mvuke,
maji yakidondoka toka kwenye mchirizi.
Nilisimama na kahawa yangu nikasema,
sitaki kuliandika hili, lakini naliandika,
"Toivo ameweka hita mpya."
Nikajaza kikombe tena.

Fundi. Miaka thelathini na moja.

Aune alikuwa amehamia chumba cha cherehani
kukimbia mkoromo wa mumewe,
dirisha wazi upana wa kidole. Akaishi.
Maneno mengine hayakurudi naye.
Kijiko anakiita "kile cha supu".
Jina la Toivo analo; analiita, kisha anageuka kumtazamia.

Kampuni ilituma barua. Inasikitika sana.
Kila kitu, inasema, kilifanya kazi kama kilivyobuniwa.
Naamini. Hilo ndilo linaloninyima usingizi.

Siku hizi hunipigia simu saa nne na nusu usiku.
Hasalimii. "Umezima?"
Gari langu ni la mwaka tisini na nne, lina ufunguo,
ufunguo uko kwenye msumari, nauona nikiwa kitandani.
Nashuka hata hivyo, kwa soksi,
nawasha taa ya gereji, naweka kiganja juu ya boneti
na kungoja mpaka baridi ifike mfupani.
"Nimezima, Aune."
"Hujashika," huniambia siku nyingine.
Huwa amekosea.
Narudi nashika tena.