Safu ya Mwisho

Walikuja watatu, jogoo wa pili hajawika,
vumbi la Hombolo hadi magotini,
wakasimama mlangoni pa ofisi ya parokia
kama watu waliofuata hati ya shamba.
Skolastika Mchiwa amefariki usiku.
Wanaomba padre.

Mimi ni karani, Pankrasi Ndahani.
Ufunguo wa kabati la chuma naning'iniza shingoni
pamoja na rozari; vikigongana
hutoa mlio mmoja.
Nikauliza ninachotakiwa kuuliza:
kadi ya zaka iko wapi?

Wakaitoa ndani ya mfuko wa sukari.
Visanduku vitupu, mwaka hadi mwaka,
vyeupe kama chumvi ya Bahi wakati wa kiangazi.
Mara ya mwisho alileta debe la uwele,
na mtu fulani, labda mimi,
aliandika: halijapimwa.

Mwenyekiti wa jumuiya amekataa kusaini.
"Hakuwa hai," kasema.
Hai. Neno letu la ofisini:
muumini hai, muumini asiye hai.
Tukaliandika juu ya maiti
na hakuna aliyecheka.

Mjukuu wake Chilewa, anayesoma chuo mjini,
akaegemea meza yangu kwa viganja viwili.
"Mzee, niambie kitu kimoja tu.
Hii ni dini, au ni ofisi?"

Nilitafuta katekisimu niliyoijua tangu utotoni,
ikaniteleza kooni kama mlenda.
Nikatazama ukuta: msalaba na kalenda ya benki,
vyote viwili msumari mmoja.
Nikawaza divai ya altareni,
zabibu za bonde hilihili:
kabla haijaitwa damu
imepita kwenye mizani, risiti, na lori.
Mkulima anajua pa kukata mzabibu.
Hapa, nikate wapi?

Kwa aibu nikafungua kabati,
ili mikono yangu iwe na kazi.
Kitabu cha Wabatizwa, mgongo umeliwa na mchwa.
Nikaangukia mwaka ule surua ilipofuata njaa.
Jina la mtoto. Jina la mama. Tarehe.
Safu ya mwisho, Mbatizaji:
Skolastika Mchiwa, mfagizi wa zahanati,
katika hatari ya kufa.
Mstari wa chini yake: Skolastika Mchiwa.
Tena.
Tena.
Kidole changu kilihesabu hadi kumi na saba.

Padre alikuwa mbali, pikipiki haina mafuta.
Yeye alikuwa na kata ya maji ya kisima, yenye magadi,
na maneno kumi na mawili
aliyoyajua bila kitabu.
Kisha akatembea saa nne juani
kuja kuyaandikisha majina hapa,
kwa sababu alitaka yaandikwe.
Hilo, Chilewa, ndilo linalonisumbua.
Maji yalitosha. Alitaka na wino.

Namba kumi na moja: Deusdedit Masinga, siku tatu.
Alipona.
Ndiye mwenyekiti wa jumuiya.

Sikumwambia neno alipoitwa.
Nilikiacha kitabu mezani, kimefunguka,
nikatoka nje kutafuta wino wa muhuri.
Wino ulikuwa palepale mezani.
Niliporudi fomu imesainiwa,
na yeye amegeukia dirisha, anapangusa miwani
kwa ncha ya shati, anapangusa, anapangusa.

Tukamzika saa kumi, upepo ukitupiga michanga,
padre akishika kitabu chake kwa dole gumba.
Chilewa hakuuliza tena. Mimi sikumjibu.
Kabati lililomsahau ndilo lililomkumbuka,
na mkono ni huu mmoja.

Jioni nilifungua Kitabu cha Marehemu.
Jina, umri, kigango.
Sakramenti alizopokea: nikajaza.
Sakramenti alizotoa: safu hiyo haipo.
Nikaandika pembeni, nje ya mstari,
kumi na saba,
kwa penseli.