Waliolala Kwemvumo

Bodaboda aliniacha kwenye gogo.
"Mwalimu, mafuta yangu yanaishia hapa."
Akageuza, akaniachia vumbi na kishikwambi,
betri asilimia themanini na moja,
na kilomita kumi na nne ambazo ramani imezichora
kwa mstari mwembamba kama uzi wa kushonea kifungo.

Masika iliondoka na daraja.
Haijalirudisha.
Nilivuka viatu vikining'inia shingoni,
kishikwambi kichwani, ndani ya beseni
nililoazimwa na mtu ambaye sikumhesabu,
kwa kuwa yeye ni wa ng'ambo.

Swali la kwanza ni jepesi:
nani alilala hapa usiku wa kuamkia sensa?
Wanataja majina kama watu wanaochimba viazi,
kimoja kinatoka, kinavuta kingine:
Mntangi. Mkewe Hadikwa. Watoto sita.
Na mgeni aliyekuja matangani akakosa gari la kurudi;
huu mwezi wa tatu, keshapanda mihogo.
"Naye muandike," anasema Hadikwa,
"huyo tumepewa na barabara."

Kwa Senkondo walilala wawili
na magunia arobaini ya machungwa.
Gunia halina safu kwenye fomu.
Kwanza linanukia sukari, kisha siki, kisha ni nzi tu.
Lori liliahidiwa Jumanne.
Jumanne ipi, dereva hakusema.

Nyumba ya tano haina mtu. Ya sita haina paa:
mabati yameteremshwa kichwani, moja moja,
hadi Muheza, yakaezeke chumba kinachotazama lami.
Mlango wameuacha. Umefungwa kwa kufuli.
Nikasimama nao kidogo, sijui kwa nini,
nikaandika sifuri.

Ukifika ukurasa wa mali:
baiskeli? pikipiki? gari? mkokoteni? punda?
Bi Mashavu akanikata.
"Andika kitanda."
"Bibi, kitanda si chombo cha usafiri."
"Juzi kimekwenda na mkwe wangu.
Kina miguu yake minne na minane ya vijana.
Hicho chako cha kubofya kimewahi kubeba nani?"

Usiku ule ule wa kuhesabiwa
Fatina alishikwa na uchungu.
Wakamfunga kwa kanga asiporomoke,
wakashuka wakipokezana pembe za kitanda,
wakafika kwenye kalavati.
Kalavati lenyewe limejengwa, barabara bado:
mkandarasi alianzia katikati, fedha ikaishia hapo hapo,
zege zuri peke yake porini, halina kinachopita juu,
na chini maji yana njia yao nyingine.
Hapo mtoto akasema sitoki hapa, natokea hapa.

"Kabla ya saa sita au baada?" nikauliza.
Fomu inataka kujua.
"Mwanangu, nani alikuwa na saa?
Tulikuwa na tochi ya simu, nayo ikafa."
Na mahali? Si Kwemvumo,
si kijiji cha chini.
Kishikwambi kikazungusha kiduara chake,
kikazungusha,
kikaniambia: chagua eneo.

Mtoto analala kwenye ungo, ngumi imekunjwa.
Kwa sasa wanamwita Kalavati.
Jina la babu yake litakuja na pesa ya akika.

Walikuwa mia sita na kumi na wawili.
Nikaandika kumi na watatu.
Kama kuna dhambi ya karani, ni hiyo;
niulizwe mimi, asiulizwe yeye.

Nikirudi nilipita kwenye lile zege.
Kipande cha kanga kimesahauliwa kwenye kichaka,
nusu ya maneno yake imeoshwa na umande.
Betri asilimia nne. Nikabofya "tuma".
Hakuna mtandao.
Nikavua viatu tena.
Kwemvumo yote, na mlango wake wenye kufuli,
ikateremka kwa miguu.