Gololi na Kikombe

Mwaka wa kumi na tatu huu nyonga yangu ya kushoto
ni ya chuma. Wenzangu wa Barabara ya Kumi na Moja
huiita "ile ya Moshi",
kama mke wa pili niliyemwoa safarini.

Siku ya kwanza daktari alinichorea:
hapa gololi, hapa kikombe,
hapa mhimili unaozama ndani ya mfupa wa paja.
Nikacheka. Daktari, mimi fundi baiskeli,
umri wangu wote nimekula kwa gololi na kikombe.
Nikamuuliza swali moja tu: grisi inatiwa wapi?
Akasema, haitiwi.
Hapo ndipo ningeshtuka.

Lakini miaka ya mwanzo, tuseme kweli,
nililala usingizi wa mtoto aliyeshiba.
Nilitoka Ngamiani kwa miguu hadi Raskazone na kurudi,
kwa ushamba tu wa kutembea,
nikimsalimu hata ninayemdai.
Mguu ule ulitoka mrefu kwa unene wa kidole;
fundi viatu wa Mgandini akanishonea
kisigino cha tairi upande wa pili,
tukawa sawa, mimi na ardhi.

Usichuchumae, walisema. Usikunje nne.
Usiokote kitu bila kufikiri.
Mwaka wa nne sikufikiri.
Ilikuwa nati, nati ya shilingi mia,
imebiringika chini ya benchi.
Nikainama. Kop!
Sauti ya mnyororo unaoruka meno,
na kidole gumba kikatazama kibla kingine.
Semkiwa, mwanafunzi wangu, alinipakia mkokotenini
hadi Bombo, akilia kuliko mimi.
Wakanilaza usingizi, wakavuta, ikarudi.
Nati ile ninayo bado, kwenye kopo la siagi.

Msikitini nina kiti, ukingoni mwa safu.
Watoto hudhani ni cheo.
Sujudu yangu huishia hewani;
nimesamehewa, najua.
Ila mkeka naukumbuka,
ile harufu ya ukindu puani.

Tangu Ramadhani iliyopita
paja linauma nikiinuka: hatua tatu, nne,
kisha linatulia.
Mwanatumu anasema, si limetulia?
Sikumjibu. Baiskeli inayolia ikianza
ikanyamaza ikishika mwendo
haijapona.

Daktari wa sasa ni kijana, Lyaruu,
yule wa kwanza amestaafu.
Aliinua picha dirishani, na kabla hajasema
niliuona: mstari mweusi, mwembamba kama wembe,
kati ya chuma na mfupa.
Inacheza, nikamwambia.
Akanitazama.
Plastiki ya kikombe imelika, akasema,
na vumbi lake linaula mfupa.
Tunaweza kurudia. Ila ya pili
ni ngumu kuliko ya kwanza, damu nyingi zaidi,
vidonda huweza kuingia usaha, na umri wako...
Tundu lililopanuka, nikamsaidia,
halishiki nati ileile.

Zamani nilimwambia mteja mmoja:
ndugu yangu, magurudumu mazima,
fremu ndiyo imechoka.
Aliondoka akiisukuma, hakuniaga.
Nilimwona hana adabu.

Wamesemaje? Mwanatumu aliuliza usiku ule.
Wamesema nifikirie.
Akanyamaza, akavuta shuka,
akaanza kuhesabu kwa sauti ya chini:
kibanda, cherehani yake, mbuzi wa Muheza.
Alipofika kwa mbuzi nikamwambia alale.

Asubuhi nimefungua kibanda.
Semkiwa ameshaning'iniza gurudumu,
analizungusha, ananiuliza: Inacheza?
Nimelishika kwa vidole viwili, nikafumba macho.
Kidogo, nikamwambia.
Kaza, usikaze sana.
Itafika Pongwe.
Kurudi tutaona.