Mchunga

Keko, nyuma ya karo la kufulia,
penye ufa ambao nyapara anasema utazibwa,
mchunga umeota.
Majani mawili, marefu, yana meno ya msumeno.
Nilimwonyesha Mwinshehe peke yake.
Akasema, "Usiutazame sana, wataung'oa."

Basi ninautazama kwa pembe ya jicho
tukiwa tumechuchumaa wawiliwawili, tunahesabiwa.
Afande anakosea, anaanza upya,
nami simlaumu.

Mama alikuwa akiuchuma Yombo, kando ya reli,
anauchemsha mara mbili, anamwaga maji,
na bado uchungu unabaki ulimini.
"Ukiutoa wote," alisema, "hujala mchunga."

Vuli imepita.
Kisutu nimepelekwa mara kumi na nne.
Upelelezi haujakamilika.
Mchunga ulitoa ua la njano Jumatatu,
Alhamisi ukalifumba,
Jumapili ukaamka na mvi.

Nilikuwa nafua shati la mahakamani.
Upepo ukaja kutoka Kurasini
na harufu ya mafuta na chumvi,
ukazibeba mbegu, si zote,
zikapanda, zikavuka seng'enge
bila kuulizwa jina la baba wala kabila.
Nikasimama na shati linachuruzika
mpaka mtu akapiga kelele, "We, maji!"

Moja ilirudi.
Ilitua kwenye povu, juu ya kidole gumba.
Nimeishona ndani ya pindo la kaptura.
Hata Mwinshehe hajui.