Mvua ya Bure

Gereji ya marehemu mumewe ndiyo karakana:
bado inanuka grisi, na sasa mayai.
Heulwen huamka kiza hakijaondoka,
huvaa makoti mawili, huwasha hita inayokohoa,
akautazama mlima kama mdeni wake.

Kijivu hanunui. Hukiokota
kwenye vifusi vya machimbo ya Welisi yaliyofungwa,
mawe yaliyoezeka miji ya watu.
Huyatwanga kwa kinu cha chuma,
huyachekecha kwa soksi kuukuu ya nailoni,
kisha kiini cha yai, tone la siki,
na vumbi lile linafumbua macho:
kumbe lina zambarau,
lina kijani cha shingo ya bata.

Jirani Emrys huchungulia mlangoni:
"Mvua tena? Si ipo nje, bure,
kila siku ya Mungu?"
Heulwen hacheki. Analamba ncha ya brashi
(daktari kashamwonya).
"Ya nje," asema, "haikai."

Mwaka wa tatu, ubao ule ule.
Bonde amelikwangua mara kumi na moja.
Kondoo wamekuja, wameondoka.

Leo, saa nane, wingu likapasuka
upana wa ukucha.
Mwanga ukaligusa zizi, ukajiendea.

Hakuchora. Alisimama tu,
kisu mkononi kikidondosha
kijivu juu ya kiatu.
Akainama kukifuta.
Akasita.

Rangi yenyewe ilikuwa pale, kwenye ngozi iliyochanika.

Akakivua kiatu,
akakitundika msumarini,
akaendelea kufanya kazi, mguu mmoja baridi.