Watu Wasiojulikana

Mimi ndiye karani wa kamati ya kumbukumbu, Malindi.
Nimepewa daftari, kalamu mbili, na chai ya saa nne.
Kazi yangu ni kunakili kutoka kitabu cha polisi:
mzee gani, kijiji gani, mwezi gani,
aliuawa na nani.

Safu ya mwisho haichoshi mkono. Yajirudia.
Mwaringa Thoya wa Msabaha, miaka sabini na miwili:
watu wasiojulikana.
Nyevu wa Ngumbao, alikutwa mgombani, Ganda:
watu wasiojulikana.
Jumwa Kitsao, macho mekundu kwa moshi wa kuni
(la moshi polisi hawakuliandika,
nalijua kwa kuwa nilikula muhogo jikoni mwake):
watu wasiojulikana.

Mvi zilikuwa kosa. Shamba lilikuwa sababu.

Kamati inabishana.
Mhandisi anataka saruji na vigae.
Mwenye hoteli anaomba tuvuke barabara,
wageni wake wasitazame huzuni wakinywa juisi.
Mheshimiwa anataka jina lake pale chini,
kwa herufi ndogo tu.
Mmoja akauliza, kama anayeuliza bei ya nyanya,
tuna hakika gani hawakuwa wachawi?
Kijiko kikasimama kikombeni.
Kwenye kumbukumbu za mkutano niliandika: kimya.

Akaletwa mchongaji kutoka Jilore, Tsofa Baya,
vumbi la mhuhu limemganda kwenye kope.
Akasema, koma haisimamishwi na ofisi.
Husimamishwa na mtoto, marehemu akimjia ndotoni
kulalamika kwamba huko aliko ananyeshewa.
Hawa wenu, watoto wao wako wapi?
Tukatazama feni.
Wengine tunawajua. Wameuza ekari mbili,
wamenunua pikipiki.

Basi nitachonga, akasema, lakini risiti sitoi.
Na vigae virudisheni dukani.
Koma: kwetu ni mti wa marehemu.
Kwa Kiswahili chenu ni amri.

Usiku ule wa Jumwa nilikuwa darasa la sita.
Nilisimama dirishani nikahesabu tochi: kumi na moja.
Mmoja alivaa jezi ya shule yetu, namba saba mgongoni.
Siku hizi anakaanga viazi karai stendi.
Huniongezea ukwaju bila kuombwa.
Miaka yote hiyo, sijawahi kuukataa.

Vibarua wa kuchimba mashimo tuliwatafuta stendi.
Walikuja wanne, naye yumo.
Biashara imelala, alisema, bila kunitazama.
Alipofika shimo la tatu akauliza, hili la nani?
Nikamtajia.
Akatema mate viganjani, akaendelea,
akapita futi mbili za mkataba, akapita tatu,
mpaka Tsofa akamshika bega:
inatosha, kijana, tunasimamisha, hatuziki.

Sasa miti imesimama bustanini, ishirini na mitatu,
imefungwa vitambaa vyeupe kiunoni.
Mbuzi wa jirani wamevila viwili.
Mnazi umemwagwa; mheshimiwa amehutubia.

Nami nimebaki ofisini na wembe,
nakwangua wino polepole, karatasi isitoboke.
Nimefika mstari wa Jumwa. Safu ya mwisho ni nyeupe.
Jina la mtu yule lina herufi sita.
Nimeandika mbili.
Nje mlinzi anagonga, anataka kufunga geti,
na mimi sijashiba bado ule muhogo,
na ukwaju ungali kwenye ulimi.